Mkwaruzo Niliouficha

Jina lake lilikuwa Sairakul, na kwa muda wa miaka saba mimi sikulitamka. Nikitaka kumtaja nilisema "yule wa ng'ambo," kwa sababu kila kiangazi hema lao lilisimama ng'ambo ya kijito, na kila mtu pale malishoni Kokbel alijua namsema nani. Kwa desturi yetu Wakirgizi nilipaswa kumwita dada, maana alinizidi miaka miwili. Sikumwita. Yeye aliniita mdogo wangu, tena kwa sauti laini kama siagi, na kila aliponiita hivyo nilitamani kumtupia kitu.

Afadhali nieleze mapema, nisije nikaonekana sina akili timamu. Kabla mume wangu Jumadil hajanioa, alikuwa mchumba wa Sairakul. Mama mkwe wangu, mama Batma, alikwenda kwao kwa miguu yake akamvisha vipuli vya fedha masikioni, na kwetu ukishavishwa vipuli umeshaposwa. Walikaa hivyo mwaka mzima. Halafu Sairakul akataka kwenda mjini kusomea uuguzi. Baba mkwe, Mungu amrehemu, akasema nyumba yake haihitaji muuguzi, inahitaji mtu wa kukamua farasi, kwa kuwa sisi hunywa maziwa ya farasi. Maneno yakawa makali, vipuli vikarudishwa vimefungwa ndani ya leso. Mwaka uliofuata vipuli vile vile nikavishwa mimi. Hakuna aliyeniambia. Nilikuja kuambiwa na shangazi mmoja mlevi kwenye arusi ya watu, nikiwa na mimba ya binti yetu Akmaral. Nilivivua siku ile ile nikavitupa chini ya sanduku, nikasema vinaniwasha.

Sairakul alisoma, akaolewa Bishkek, hakuzaa, akaachika, akarudi. Majira ya baridi alisimamia kizahanati cha kijiji chetu, na kiangazi alipanda malishoni pamoja na kaka yake Kalmurza. Basi mimi nikawa mlinzi. Nilijua mara ngapi kwa siku Jumadil anatazama ng'ambo. Upepo ulipong'oa sufu ya hema lao, mume wangu alivuka kwenda kuwasaidia kufunga kamba. Aliporudi nililinusa koti lake. Lilinuka sabuni. Sikulala na mume wangu siku tatu kwa ajili ya harufu ya sabuni.

Mwanzoni mwa kiangazi kile Sairakul aliwakusanya wanawake wa mahema yote ya bonde letu. Alisema huko bonde la jirani mbweha mmoja ameuma punda na punda amekufa kwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo tusikilize vizuri. "Mbwa, mbweha, mbwa mwitu, hata paka wako mwenyewe," akasema. "Akikuuma, maji na sabuni, robo saa nzima. Halafu unashuka mjini kwa chanjo, siku hiyo hiyo." Mama Batma alikaa mbele akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango na nilichokitazama ni mikono yake. Kucha fupi, ngozi nyeupe, hakuna hata ufa mmoja. Yangu ilikuwa imepasuka kwa maziwa na chumvi na maji ya barafu. Nikajiambia, mikono ya mtu asiyefanya kazi. Katika yote aliyoyasema siku ile nilishika nusu tu.

Mbwa mwitu alikuja mwezi wa saba, mchana kweupe, jua likiwa utosini.

Nilikuwa nakamua farasi kwa mara ya nne siku hiyo. Jumadil alikuwa kwenye mawe bapa akiwawekea kondoo chumvi. Niliona kondoo wanagawanyika katikati, wanaacha njia, na katika njia ile anakuja mnyama anatembea, hakimbii, kama mgeni aliyealikwa akachelewa. Taya lilikuwa limelegea na ute unaning'inia. Miguu ya nyuma ilikuwa inapishana. Tumeishi na mbwa mwitu maisha yetu yote, tunajua wanavyokuja: huja gizani, huja kwa hila, na ukipiga kelele hukimbia. Huyu, Jumadil alipompigia kelele, aligeuka akaja kwenye kelele.

Mbwa wetu mweusi alimrukia wa kwanza, akaumwa usoni. Jumadil akampiga yule mnyama kwa fimbo, fimbo ikavunjika, na kabla hajarudi nyuma mkono wake wa kushoto ulikuwa mdomoni, chini kidogo ya kiwiko. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mti wa kukorogea maziwa, nikawa nampiga mgongoni, halafu nikaingiza mkono wangu kumvuta Jumadil kwa mkono wa koti. Hapo jino lilinipitia nyuma ya kiganja. Wala sikusikia maumivu. Kalmurza alivuka kijito juu ya farasi na bunduki yake, akampiga yule mnyama risasi moja ya shingo, na yote yakaisha kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia.

Tulimwingiza Jumadil hemani. Damu ilikuwa inamtiririka hadi vidoleni. Yeye na mama yake wakasema kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi:

"Mwite Sairakul!"

Jina lile lilitoka midomoni mwao jepesi mno. Mtu ameumwa na mnyama, mkewe amemnusuru kwa mti wa maziwa, na jina la kwanza mdomoni mwake si la mkewe.

"Subirini kwanza nizuie damu," nikasema.

Mama yangu mzazi alikuwa anatibu kidonda kwa kuchoma kipande cha sufu na kukijaza jivu lake. Nikachukua kipande, nikakitia motoni. Nisidanganye: nusu niliamini dawa ya mama, na nusu nilitaka yule wa ng'ambo akifika akute kazi imekwisha, na imekwisha kwa mkono wangu.

"Wewe mwanamke, Sairakul anakaa hatua mia kutoka hapa!" mama Batma akafoka. "Unachoma nini? Unapika?"

Jivu lilikuwa tayari kiganjani mwangu mlango ulipofunguka. Sairakul aliingia na mkoba wake begani, amelowa hadi magotini. Hakungoja kuitwa. Alitazama mkono wa Jumadil, akatazama wangu.

"Weka chini hiyo."

"Ni jivu la sufu. Mama yangu alikuwa..."

"Weka chini, mdogo wangu, ama nitakumwagia usoni." Aliongea bila kupandisha sauti. "Lete birika. Lete sabuni ile ya kufulia. Maji ndoo mbili, tatu. Wewe ndiye utakayemimina, na ukimimina usikate."

Akatoa saa mfukoni, akaiweka juu ya zulia mbele yetu sote. Robo saa.

Hamjui urefu wa robo saa ninyi. Nilimimina birika la kwanza, la pili, la tano. Sairakul alivaa mipira ya mikononi, ikachanika alipokuwa anamkunjia mkono wa koti, akaitupa, akaendelea kwa mikono mitupu. Alimshika mume wangu kiwiko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akawa anatia povu kwenye matundu ya meno, anabonyeza, anafungua, maji yaingie hadi chini. Matundu yalikuwa manne, mawili ya kina kirefu. Jumadil alikuwa amefumba macho na jasho linamtoka puani.

"Inauma?" Sairakul akamwuliza.

"Inauma, lakini si kama ulimi wa mama."

"Ana utani, atapona," akasema mama Batma, na machozi yanamtoka.

Dakika kama sita hivi zilikuwa zimepita. Jumadil, macho bado amefumba, akasema polepole kama mtu anayeota:

"Mikono yako bado ni ya baridi vile vile."

Bado. Mtu hasemi bado kwa kitu ambacho hajawahi kukijua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale, birika mkononi, namimina maji juu ya vidole vya mwanamke yule na mkono wa mume wangu, na nikatamani maji yale yawe ya moto. Sairakul alibonyeza kidonda mpaka Jumadil akapiga ukelele, na sijui kama alifanya kusudi.

Robo saa ilipokwisha alipaka dawa ya ayodini, akafunika kwa kitambaa safi, akakilegeza. Mama Batma akamwambia akaze, damu isitoke.

"Hakuna kukaza, hakuna kushona, mama. Ugonjwa huu ukiufungia ndani unafurahi. Muhimu ni sindano, na sindano ziko mjini. Tunaondoka sasa hivi." Kisha akageuka akatutazama mmoja mmoja. "Nani mwingine ameguswa? Jino, ukucha, hata mate tu juu ya mchubuko. Kalmurza hakumgusa, nimeshamwuliza. Mtoto?"

"Mtoto alikuwa amelala," akasema mama Batma.

"Zuurakan?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umezama ndani ya mkono wa gauni. Nilikuwa nimeshauona wakati namimina: mstari mwembamba, mrefu kama kijiti cha kiberiti, na matone mawili matatu ya damu iliyokwisha kuganda. Kitu ambacho mwiba wa kichaka ungekifanya.

"Mimi sina kitu."

"Nionyeshe mikono."

"Nimesema sina kitu. Shughulika na huyo uliyemjia."

Mama mkwe akafyonza. Sairakul aliutazama mkono wa gauni langu, akafungua mdomo, na hapo Kalmurza akaita nje kwamba farasi wako tayari. Akaufunga mdomo wake. Sikutaka anishike. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Sikutaka mikono ile iliyotoka kumshika mume wangu inishike na mimi, inioshe kama mtoto, halafu watu waseme amemponya mume akamponya na mke.

Wakaondoka wawili. Saa sita juu ya farasi hadi barabarani, halafu gari. Sairakul ilimbidi aende, alijua pa kugonga mlango na jina la daktari. Kichwa cha mbwa mwitu walikichukua kimefungwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki na ndoo, ili kipimwe. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanapanda ukingo wa bonde, farasi wamekwenda sambamba, na wakati mmoja niliona yeye ananyoosha mkono anamshika Jumadil begani asianguke. Nilifahamu kwamba ni asianguke. Nilifahamu, na bado nikatafuna shavu langu la ndani mpaka likatoa damu.

"Laiti mambo yangekwenda yalivyopangwa," mama Batma akasema nyuma yangu, kama anajisemea, "wangekuwa na watoto wakubwa sasa hawa."

Nilikwenda kukamua farasi.

Siku iliyofuata nilikamua, nikakoroga maziwa, nikakausha jibini juani, na kila nilichokishika nilikiona yeye anakishika. Walikuwa wamelala wapi? Kwa nani? Wamekula nini, na nani amemkatia nyama, kwa kuwa mkono wake wa kushoto haufanyi kazi? Nilimpigia Akmaral kelele kwa kikombe kilichovunjwa na mbuzi. Mkwaruzo ulikuwa unafunga vizuri. Sikuuosha. Hata hilo dogo, la kwenda kijitoni mwenyewe na kipande cha sabuni pasipo mtu kuniona, sikulifanya, kwa sababu kuuosha kungekuwa kukubali kwamba yule aliuliza swali la haki.

Siku ya tatu asubuhi Kalmurza alipanda kilimani, mahali pekee ambapo simu inashika, kwa kuwa dada yake aliahidi kupiga. Alishuka akitembea taratibu, amemshika farasi kwa hatamu. Tulijua kabla hajafika.

"Kichwa kimepimwa," akasema. "Kichaa cha mbwa. Jumadil ameshapata sindano ya kwanza, hali yake nzuri. Lakini ile dawa nyingine, ile inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe, haikuwepo. Sairakul alikwenda mji wa mbele kuitafuta, akarudi nayo jana jioni." Akasita. "Mama, mbwa wenu..."

"Mpeleke nyuma ya mawe," mama Batma akasema. "Mtoto asione."

Mbwa mweusi alimfuata Kalmurza akitikisa mkia. Mama Batma alikaa chini, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Risasi iliposikika mimi nilikuwa nautazama mkono wangu.

Katika kijiji nilichozaliwa kulikuwa na dereva mmoja, Toktosun, aliyeumwa na mbweha kidoleni alipokuwa akibadilisha gurudumu. Alicheka, akafunga kidole kwa kamba ya kiatu. Miezi mitatu baadaye akashindwa kunywa chai. Ukimwonyesha kikombe koo lilikuwa linajikaza, na akawa anabweka kwa hofu, mtu mzima mwenye masharubu. Nilikuwa na miaka tisa, nyumba yetu ikipakana na yao. Alikufa amefungwa kitandani. Daktari alikuja akasema ugonjwa huu ukishaonekana hauna dawa, dawa ni kabla.

Nayajua yote haya. Niliyajua na siku ile nilipoingiza mkono ndani ya gauni.

Nitasema ukweli kuhusu kilichonitoa pale, ingawa ningependa kusema ni mapenzi ya mwanangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya sufuria langu kubwa, lile la chuma alilonipa mama yangu nilipoolewa, nalikwangua, na ghafla nikaona mambo yatakavyokuwa. Nitakufa. Jumadil atalia, kwa sababu ni mtu mwema. Atamaliza arobaini, atamaliza mwaka. Kisha mama Batma atatoa leso yake mpya sandukuni, atavuka kijito kwa miguu yake, mara ya pili. Na Sairakul atakuja kukaa hapa nilipokaa, na atapika ndani ya sufuria hili, na Akmaral atamwita mama. Nikainuka kama niliyeketi juu ya kaa la moto. Thubutu! Sufuria la mama yangu? Siwaachii. Sifi.

Nikatoka nikamwonyesha mama Batma mkono.

Alitazama mkwaruzo. Alitazama uso wangu. Nilingoja tusi, na tusi likaja.

"Mjinga wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Mjinga, mjinga, mjinga. Nilidhani nimemwolea mwanangu mtu mwenye akili, kumbe nimemwolea nyumbu." Na huku anatukana alikuwa tayari anamtandika farasi, mwanamke wa miaka sabini. "Kalmurza! Mpeleke huyu. Farasi nitakamua mimi."

"Mama, huwezi, mgongo wako..."

"Nilikamua kabla hujazaliwa. Panda. Mimi nimezika mume na watoto wawili, sina nafasi ya kukuzika na wewe. Panda, nimesema!"

Katika miaka saba hilo ndilo neno la mapenzi la kwanza aliloniambia, na nililisikia nikiwa juu ya farasi, sikupata hata nafasi ya kulijibu.

Tulifika mji wa wilaya kesho yake kabla ya adhuhuri, juu ya lori la nyasi kavu. Hospitali ina ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya bluu hadi kiunoni. Mwisho wa ukumbi niliwaona. Walikuwa wamekaa juu ya benchi moja, katikati yao kuna gazeti, juu ya gazeti kuna mkate na tufaha. Sairakul alikuwa anamkatia tufaha vipande vidogo. Alimkabidhi kimoja, akacheka kwa jambo alilolisema Jumadil. Nilikuwa sijamsikia akicheka kabla ya hapo. Alicheka vizuri.

Niligeuka. Naapa, niligeuka, nikatembea hadi mlangoni na mkono wangu ukashika kitasa. Kalmurza aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu chake hakuona. Nadhani kama ningalikuwa peke yangu ningaliondoka, na leo msingekuwa na wa kuwasimulia.

"Shemeji," Kalmurza akaniita, kwa maana tangu zamani aliniita hivyo kwa utani, kwa kuwa mume wangu nusura amwoe dada yake, na utani wenyewe niliuchukia. "Unakwenda wapi? Ndio wale kule."

Sairakul aliinua kichwa. Aliniona, akaona mkono nilivyoushika, na kisu na vipande vya tufaha vikamwanguka. Nilikuwa bado mbali, sijasema neno.

"Upande gani?" akasema aliponifikia. "Wa kulia? Nilijua. Nilijua! Siku nne, Zuurakan! Umeuosha?"

"Hapana."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kwenye karo la maji la wauguzi, akafungua bomba hadi mwisho. "Hata kama umechelewa unaosha," akasema. "Siku nne, siku kumi, unaosha." Alitia sabuni, akakwangua ule mstari uliokwisha funga mpaka ukafunguka ukatoa damu upya. Mikono yake kweli ilikuwa ya baridi. Tena niliiona kwa karibu: vidoleni mwake palikuwa na malengelenge yaliyopasuka, ya hatamu na ya kubeba ile ndoo.

Aliweka saa yake juu ya karo. Tukasimama.

"Kwa nini ulinificha?"

"Unajua kwa nini."

"Sema wewe. Nina dakika kumi na tatu."

Basi nikasema. Sijui nilisema nini kwanza. Nilisema vipuli, nilisema harufu ya sabuni, nilisema upepo na kamba za hema, nikasema bado. "Alisema mikono yako bado ni ya baridi. Mbele yangu alisema."

Aliendelea kusugua.

"Nilimpenda," akasema. "Unataka nikudanganye? Nilimpenda, na vipuli viliporudishwa nililia mwaka mzima katika bweni la watu wanane, wenzangu wakaniita mjane. Nikamlaani na wewe, kabla hata sijakuona. Niliposikia umezaa binti nilivunja sahani."

Sikutegemea hilo. Nilitegemea atakana, nami nimshike uongo.

"Na sasa?"

"Sasa mimi ni muuguzi wake. Na wako." Akanigeuza kiganja. "Nisikilize vizuri, maana sitasema tena. Nikiwaona mnavyogombana mlangoni asubuhi, wewe unamrushia kitambaa na yeye anacheka, naingia ndani nafunga mlango wangu. Sivuki. Hata siku ya kamba ni Kalmurza aliyemwita. Lakini ulipoficha mkono nilijua unaficha, Zuurakan. Nikajiambia, mtu mzima, amesema hana. Nikawaza kwamba nimechoka na dharau zake. Na nikapanda farasi." Akatia sabuni tena. "Hilo ni langu. Ungekufa ningelibeba mimi."

Hatukukumbatiana. Maji yalikuwa yanatiririka na mkono wangu umekufa ganzi. Nilitaka kusema kitu, na kilichotoka ni:

"Dada, dakika zimekwisha."

"Bado mbili," akasema. "Tulia."

Jumadil nilimkuta pale pale kwenye benchi, rangi imemtoka. Kalmurza alikuwa ameshamweleza. Hakunifokea. Alinivuta kwa mkono wake mzima, akaweka paji lake la uso juu ya bega langu, akakaa hivyo mbele ya wagonjwa wote, mtu ambaye kwa desturi zetu hata mkono hanishiki mbele ya mama yake.

"Ulimpiga kwa mti wa maziwa," akasema kwenye bega langu. "Kila ninayemwona humu ndani nimemsimulia ulivyompiga. Mwulize Sairakul, ameshachoka kusikia."

"Nimechoka kweli," akasema Sairakul, akiokota vipande vya tufaha sakafuni.

Dawa ile ya kuchomwa kidondoni alikuwa ameleta chupa moja zaidi ya ile aliyohitaji Jumadil. Sikumwuliza kwa nini, wala yeye hakusema. Waliingiza sindano ndani ya mstari ule ule uliofunguliwa upya, na maumivu yake sitayasimulia. Halafu chanjo begani. Tukapangiwa kuchomwa tena siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, na ya mwisho siku ya ishirini na nane.

Tulipona. Mwaka huu ni wa sita, na sote wawili tunakunywa chai.

Wivu je? Watu huniuliza, kwa sababu kila mwanzo wa kiangazi Sairakul hunisimamisha mbele ya wanawake nisimulie, na mimi husimulia yote, na vipuli pia. Wanacheka, halafu wanaacha kucheka, halafu wanakwenda kutazama kama wana sabuni ya kutosha. Nawajibu kwamba wivu haukuumwa, kwa hiyo haukuchanjwa. Upo.

Sindano ya mwisho, mwaka ule, alituchoma Sairakul mwenyewe, kijijini, katika kizahanati chake, nyasi za malishoni zimeanza kuwa njano na tumeshateremsha kondoo. Jumadil alikaa kwenye kiti akaanza kukunja shati. Mimi nikampita mbele.

"Nianze mimi," nikasema.

Sairakul alinitazama, akatazama kiti, akauma mdomo asicheke. "Anza wewe."

Alipomaliza nilimkaribisha nyumbani kwa chai, kwa sababu ilinipasa, na nilimkaribisha mbele ya mume wangu. Alisema hawezi, kuna mwanamke wa mtaa wa chini uchungu umeanza. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha nikaenda nyumbani, nikakaanga maandazi, nikayafunga kitambaani pamoja na siagi na krimu ya juu ya maziwa ya asubuhi, nikampelekea mwenyewe huko kwa mzazi, yakiwa bado ya moto.